Rangi Aliyoiamini Shangazi

Shangazi yangu amepima kolesteroli kwa miaka ishirini na mbili, na ukitaka akununie siku nzima, mwambie kazi inafanywa na mashine. Mashine inasoma rangi tu, atakujibu, na rangi haina akili. Anachanganya maji ya damu na dawa, anasubiri dakika kumi, mchanganyiko unageuka waridi. Rangi ikikoza, kolesteroli ni nyingi. Ikififia, ni kidogo. Lakini vitamini C ikijaa kwenye damu huila rangi hiyo, na namba ikashuka kwa uongo. Ndiyo maana kila aliyekaa kwenye kiti chake alisomewa maswali saba, mojawapo kama amewekewa dripu karibuni. Hata mganga mkuu aliulizwa. Akakunja uso, akajibu.

Baba yangu hakuulizwa, kwa sababu alikuwa kaka yake.

"Haya mnyonya damu, nibakizie ya kurudi nayo nyumbani," baba alimwambia asubuhi alipokuja kupimwa.

"Funga mdomo, kunja ngumi," shangazi akacheka.

Kolesteroli ya baba ilizoea kuwa saba na ushei, wakati isiyo na hatari haizidi tano, na vidonge vilimuuma misuli hadi akavichukia. Siku hiyo ilitoka mbili nukta nane. Shangazi akarudia kipimo, ikatoka ileile, maana kasoro ilikuwa ndani ya damu yenyewe. Angekuwa mgonjwa mwingine, shangazi angemtafuta daktari. Kwa kaka yake alifurahi tu, akapiga simu: "Kaka, umepona bwana! Hivyo vidonge vipumzishe."

Baba akavipumzisha, wala hakumwambia mama, kwa kuwa mama angemrudisha kwa daktari mbio. Miezi mitano baadaye moyo wake ulisimama akiwa katikati ya ngazi za ofisini kwao. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Msibani, baba mdogo alisema mbele ya watu wote, "Mke gani huyu asiyejua mumewe ameacha dawa?" Shangazi alikuwa palepale, sinia la vikombe mkononi, naye akaendelea kugawa chai. Tangu hapo ukoo wa baba ukamsusa mama, hata simu hawakupiga. Baba mdogo namlaumu kwa mdomo wake mchafu, ila shangazi nilimlaumu zaidi nilipokuja kujua.

Mwezi mmoja baada ya mazishi shangazi, peke yake katika ukoo huo, alikuja kutusaidia kupanga nguo za marehemu. Ndani ya mfuko wa koti akakuta kadi ya zahanati: dripu za vitamini C, za kuondoa uchovu. Ya mwisho iliwekwa asubuhi ileile aliyompima. Kesho yake kazini alijitoa damu, akaitia vitamini C, akachanganya na dawa. Rangi haikuja. Alirudia mara nne, aliniambia baadaye, akiomba igeuke. Kisha akakaa na siri hiyo miezi saba.

Jumapili moja aliwaita ndugu wote wa baba sebuleni kwetu. Alisimama akaeleza kila kitu, dripu, namba, simu aliyopiga, bila kujitetea hata kwa neno moja. Nilitamani kumchukia vizuri, nikashindwa.

Baba mdogo akakohoa. "Basi, ukweli umejulikana. Yameisha."

"Yameisha kwa nani?" mama akauliza. "Miezi minane sijapata hata salamu zenu. Nani anaanza kuniomba radhi?"

Baba mdogo alitazama saa yake, akakumbuka ana safari. Wengine nao wakatoka mmoja mmoja, wakiuaga mlango badala ya mwenye nyumba.

Shangazi alibaki, machozi yanamtiririka. "Mimi nakuomba radhi, wifi."



"Wewe ulijua tangu msibani nani alimwachisha dawa," mama akasema. "Nenda nao."