Placida na Watoto wa Maharage

Placida wa Nyaishozi hakuwa mwanamke wa kuogopa ovyo. Nyoka aliyeingia kwenye migomba yake alimmaliza kwa jembe, na mnunuzi wa kahawa mwenye mizani ya ujanja alimtimua kwa jembe hilohilo. Miaka thelathini alimpikia mumewe, Sebahire, ndizi na maharage, wala hapakuwa na neno.

Neno lilikuja Jumanne moja, bwana shamba Ambrose alipowafundisha wakulima nje ya kanisa la Kilutheri. Alichukua punje ya haragwe iliyolowekwa, akaimenya, akaipasua katikati.

"Mnakiona hiki kidogo kilichojikunja? Ndicho kiinitete, mmea ukiwa bado mtoto. Huu mzizi wake, haya majani yake. Nusu hizi mbili ni chakula chake cha kuanzia maisha."

Placida alisogeza uso mpaka pua ikagusa haragwe. "Mtoto! Na baba yake nani?"

"Mama, haragwe kwa kawaida hujichavusha. Baba na mama ni ua lilelile."

"Yesu wangu!"

Jioni alifunua chungu, akakifunika upesi. "Baba Joyness, siwezi. Humu mna watoto mia tatu, kila mmoja na chakula chake alichofungiwa."

Sebahire alicheka. Akala ndizi na chumvi siku tano, kicheko kikaisha. Siku ya sita alimwendea Ambrose. "Wewe uliyempasulia mke wangu haragwe, njoo ulifunge!"

Ambrose akaja, akikuna kichwa. "Mama, maharage yakikaa miaka mingi, kiinitete hufa. Chukua punje kumi kutoka kila debe, zifunge kwenye kitambaa chenye maji. Zikichipua, wako hai."

Placida akapima madebe yote. Yaliyochipua akayatenga kwa mbegu. Debe moja halikuchipua hata punje. Akatangaza kuwa hao ni marehemu, akawapika. Walikuwa wa miaka minne, wagumu kama kokoto. Walichemka kutwa nzima, kuni za wiki zikaisha. Sebahire akala polepole, kofia mkononi, kama aliye msibani.

Mvua za vuli zilipoanza, shamba la Placida liliota lote, wakati kwa majirani palijaa mapengo. Basi watu wakaanza kumletea mbegu awapimie, wengine hata kutoka kijiji cha Rugera. Wa kwanza alikuwa bibi Stephania, mwenye miaka themanini.

Siku ya nne Placida alimfungulia kitambaa. "Hongera, bibi. Umepata kumi, wote wazima."

Bibi Stephania akapiga vigelegele mpaka bodaboda mbili zikasimama barabarani kuuliza nani amejifungua.