Kumrudishia Nahodha Amri Yake

Siku yangu ya kwanza melini niligombezwa kabla kamba hazijafunguliwa. Nimetoka Zombo na darasa la pili langu, bahari ndiyo kwanza naiona. Afisa wa kwanza, yaani msaidizi wa nahodha, akaniambia, "Kamba ya nyuma ishikilie mpaka nikuambie."

"Ndiyo, mzee."

"Ndiyo nini? Nimekuambia nini?"

Nikadhani amesahau. Serangi, mkubwa wa mabaharia, akaninong'oneza, "Mrudishie maneno yake, wewe!"

Nikashangaa. Kwetu ukirudia maneno ya mkubwa unamwigiza, na kofi litakukuta. Melini usiporudia, amri haijapokelewa. Kabla ya kila safari tulipanda darajani, chumba cha juu cha kuongozea meli, tukasomewa karatasi ya ofisi: bandari tuendayo, mzigo, saa ya kutoka, kina cha maji. Kila mtu akarudisha fungu lake kwa sauti.

Nilijifunza. Sijisifu bure: nilitoka kwenye kamba nikapewa usukani, na waliomaliza kidato cha nne nikawaacha wanasugua sitaha.

Kisha tukaletewa nahodha mtu wa Msowero, wilaya moja na kwetu Zombo, rika la baba yangu. Kila asubuhi shikamoo kwanza, kazi baadaye. Siku moja afisa wa kwanza akatusomea, "Tunatoka saa nane, maji yakishajaa." Nikarudisha. Akashuka kuangalia mizigo. Saa nne nahodha akapanda, hata karatasi hakuigusa.

"Achieni kamba. Tunaondoka."

Sasa amri zikawa mbili. Sheria ya kazi ilitaka nimwambie, "Karatasi inasema saa nane, nahodha." Mdomo ukawa mzito. Nimkosoe mzee wa kwetu mbele ya watu?

"Tunaondoka, nahodha," nikarudisha.

Mlangoni mwa bandari meli ikakaa mchangani. Hakuumia mtu, tulingoja maji yatunyanyue. Lakini mzee alivuliwa unahodha.

Kwenye kikao cha uchunguzi wakaniuliza, "Amri ya saa nane uliisikia?"

"Niliisikia."

"Mbona hukumkumbusha?"

"Yule ni baba yangu."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilifanya kazi mpaka nikastaafu, nimejenga hapa Mikumi kwa jasho langu, na bado sikujua kama nilimheshimu mzee yule au nilimwangamiza.

Mwaka huu nikafunga safari hadi Msowero. Nikamkuta barazani, macho yamefifia.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Sauti hiyo si ya usukani?"

"Ndiye mimi. Nimekuja na swali. Siku ile ningekukumbusha saa nane, ungefanyaje?"

Hata hakufikiri. "Ningekushusha gatini palepale. Mtoto wa Zombo anifundishe mimi maji?"

Nikashusha pumzi. "Basi sikukosea."

"Ulikosea sana. Ningekushusha, halafu ningeitazama karatasi."

Mkewe akaleta uji, tukanywa, tukaongea habari za mvua. Vijana mnaoingia kazini mnaniuliza nifanyeje mkubwa akikosea, na mimi niliyeshika usukani miaka yote ile sina jibu la kuwapa. Nilipanda pikipiki ya kukodi hadi Kilosa nikashike basi la Mikumi, nikibishana na yule mzee kwa sauti, peke yangu, hadi dereva akasimama mara mbili kuniuliza kama nataka kushuka.