Aliyeimba Kutoka Roshani

Mume wangu, Lucius Tolliver, alikulia juu ya tandiko. Baba yake alichunga ng'ombe Oklahoma miaka thelathini, na Lucius alipofika miaka tisa alikuwa akikamata ndama kwa kamba, farasi akikimbia. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye jazi. Tukahamia Los Angeles, akapata bendi mtaa wa Central, na sauti yake nzito ikawafanya watu waweke uma chini.

Hapo akatokea Bwana Pruitt, mtengeneza sinema. Alitaka mchunga ng'ombe mweusi anayeimba, kwa majumba ya sinema ya watu wetu weusi. Akamchukua Lucius, na siku ya kwanza tu akamkosoa.

"Kaka, hukai juu ya farasi kama mchunga ng'ombe."

"Mchunga ng'ombe yupi?"

"Wa kwenye sinema."

Zikatoka sinema tatu, na maisha yetu yakawa kero tupu. Lucius akisimama kuimba jazi, na suti niliyompigia pasi mwenyewe, lazima mlevi mmoja adakie, "Farasi umemwacha wapi?" Hata kanisani shemasi alimwuliza bei ya majani ya farasi.

"Ozella," aliniambia, "nimeimba na wapiga tarumbeta wa kila namna, watu wanamkumbuka farasi."

"Farasi hajibu watu ovyo," nikamwambia.

Mwaka 1940 tukazunguka Texas na sinema hizo. Katika mji mmoja mdogo, meneja wa ukumbi, mzungu, akatupa masharti. Wazungu wakae ukumbini chini. Watu wetu wapande ngazi ya nje, wakae roshani. Lucius aimbe jukwaani, asiwatazame wa juu.

"Kwa nini nisiwatazame?"

"Utaumia shingo bure."

Nilimjua akikaza taya vile. Nikamsihi, "Lucius, leo tu. Sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

"Sawa, mke wangu," akasema, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Sinema ikaisha, taa zikawaka, jukwaa tupu. Kisha sauti ikashuka kutoka juu. Lucius alikuwa roshani, katikati ya watoto wa watu wetu, akiimba wimbo wa machungani kwa mdundo wa jazi. Wazungu wote wakageuza shingo. Wawili watatu walipiga makofi, kisha wakakumbuka walipo.

Meneja akazima taa. Lucius akaendelea gizani, watoto wakimpigia mdundo kwa viganja, mpaka ubeti wa mwisho.

Tulifukuzwa mjini na njaa yetu. Garini nilimfokea maili kumi nzima: hana adabu, hana akili, kazi imekwisha. Nilipochoka nikammegea mkate wa mahindi niliouweka akiba kikapuni.

Kesho yake Pruitt alimwachisha kazi kwa simu. Lucius akarudi kwenye bendi, akaimba miaka thelathini na mmoja zaidi. Mpaka ameota mvi, watu walimdai wimbo wa machungani. Alikuwa akifumba macho, anashusha pumzi, halafu anawaimbia, huku akinung'unika kwa mpiga piano kwamba wamezidi.