Geneva na Choo cha Soko

Barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandikiwa iliomba nisipewe nafasi niliyokuwa nimeiomba. Ilikuwa na kurasa mbili, kila ukurasa umepigwa muhuri wa zambarau, na mwishoni kulikuwa na sahihi thelathini na moja na alama saba za dole gumba. Ukurasa wa kwanza ulinisifu mpaka nikaona haya. Wa pili ulisema: "Kwa sababu hizo zote, tunawaomba msimchukue mpaka kesi yetu iishe."

Na mimi mwenyewe ndiye niliyewasihi waiandike.

Nina miaka mitatu katika kazi ya uwakili. Ofisi yetu iko Kitale, ghorofani, juu ya duka la mbegu na mbolea, na msimu wa kupanda ukifika wateja huingia wakipiga chafya. Tuko mawakili wawili tu: mimi na bosi wangu, ambaye amesimamia kesi za mashamba tangu nikiwa shule ya msingi. Mwaka jana niliona tangazo la ufadhili wa mawakili chipukizi wa haki za binadamu: mwaka mmoja, nusu Banjul na nusu Geneva, kujifunza jinsi malalamiko ya watu wa kawaida yanavyofikishwa mbele ya tume na kamati za kimataifa. Niliitaka nafasi ile vibaya sana. Insha yangu niliiandika upya mara kumi na moja. Lakini fomu ilidai pia kitu nisichokitarajia: barua kutoka kwa watu niliowatetea, itumwe na wao wenyewe bila kupitia mikononi mwangu.

Sikuhitaji kufikiria nani wa kumwomba. Upande wa Bungoma, si mbali na Myanga, kuna soko ambalo sitalitaja kwa kuwa kesi yake ingali mahakamani. Wanawake wanaouza pale walikuwa wamejengewa choo. Kilipakwa rangi ya samawati, kikaandikwa WANAWAKE kwa herufi kubwa, kisha mkandarasi akakifunga kwa kufuli na kuondoka na ufunguo. Kwa miaka mitatu akina mama walivuka barabara kwenda kujisitiri kwenye shamba la miwa. Tulikwenda Mahakama Kuu na Katiba mkononi, tukidai usafi na utu. Ilikuwa kesi yangu ya kwanza ya aina hiyo.

Katibu wa kikundi chao ni mwalimu mstaafu anayeuza mayai. Kwake yeye hakuna neno linalotoka bila mkutano, na hakuna mkutano usio na mtu wa kupendekeza na mtu wa kuunga mkono. Kanuni yao nyingine ni kwamba anayejadiliwa hutoka nje. Basi nilipowaomba barua wakaitisha mkutano palepale sokoni, nami nikatoka, nikakaa juu ya kreti nyuma ya rundo la ndizi, na nikasikia karibu kila kitu.

"Huyu msichana ni wetu," alisema mwenyekiti, muuza ndizi mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. "Alikuja hapa na viatu vya visigino, akarudi na matope mpaka magotini, na hakununa."

"Hakuna anayekataa," mwingine akajibu. "Lakini si huko anaenda ni mbali? Ati ni wapi?"

"Ng'ambo. Kwenye baridi."

"Sawa. Na choo?"

Nikasikia minong'ono, kisha yuleyule akaendelea:

"Si nauliza tu? Akienda, nani atasimama kortini? Yule mzee wake wa Kitale? Yule hulala, bana! Nilimwona kwa macho yangu, faili iko kifuani kama blanketi."

Wakacheka mpaka mtu akaanza kukohoa. Kisha mashine ya kusaga mahindi ya jirani ikawashwa, na sikusikia zaidi.

Wiki iliyofuata katibu aliniletea nakala, kwa kuwa hawezi kuandika habari za mtu bila kumpa nakala yake. Barua yenyewe ilikuwa tayari imetumwa kutoka saiba moja, duka la intaneti, mjini Bungoma.

"Mwalimu," nikamwambia, "mbona mmenikata miguu hivi?"

"Tumekukata wapi? Hebu rudia ukurasa wa kwanza. Nimekuita jasiri mara nne."

"Na wa pili?"

"Wa pili ni ukweli. Ungetaka tuwadanganye watu wa haki za binadamu?"

Bosi wangu aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. "Msomi mwenzangu," akasema, "sijawahi kuona shahidi akimzamisha wakili wake kwa mapenzi makubwa namna hii." Kisha akanishauri niwaambie wafadhili kwamba kesi ataichukua yeye.

Sikutegemea kuitwa kwenye usaili, lakini niliitwa. Niliufanyia ofisini, kwenye kompyuta, mlango nimeuegemezea kiti. Wasaili walikuwa watatu. Yule mama wa katikati alikuwa na barua mkononi. Niliuona ule muhuri wa zambarau.

"Hawa wanawake," akauliza, "wamekosea?"

Jibu la bosi wangu lilikuwa tayari ulimini. Wakati huohuo, upande wa pili wa ukuta wa mbao, nikamsikia bosi mwenyewe akimuuliza karani wetu: "Hivi lile soko la choo liko upande gani wa Bungoma?"

"Hawajakosea," nikasema.

Mama yule akacheka, akaandika kitu. Siku tisa baadaye nikapata barua pepe: nimechaguliwa, nafasi yangu wataishikilia kwa muda, ila wangependa kujua kesi itaisha lini. Niliruka pale ofisini hadi wenye duka la mbegu wakagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Nilikuwa na sababu ya kuwa na matumaini, kwani jaji alikuwa ameagiza mlango wa choo ufunguliwe mbele ya pande zote mbili. Nilihesabu kwamba ukishafunguliwa, hakutabaki cha kubishania.

Siku hiyo soko zima lilifika. Mkandarasi hakufika, alimtuma wakili wake, na wakili hakuwa na ufunguo. Fundi wa vyuma akakata kufuli, mlango ukasukumwa, na mwenyekiti akaingia wa kwanza kama bibi harusi. Akakaa kidogo. Akatoka.

"Wakili," akaniita kwa upole, "njoo unionyeshe mahali pa kuchuchumaa."

Niliingia. Kuta zilikuwa nyeupe, dirisha lilikuwa na kioo, sakafu ya saruji ilikuwa laini na nzima kutoka kona hadi kona. Hakukuwa na shimo. Halikuwahi kuchimbwa. Wakili wa mkandarasi alichungulia, akavua miwani, akaifuta, akachungulia tena.

Kufikia saa nane akina mama wanne walikuwa wamekuja na majembe na sururu.

"Mama, msichimbe!" nikakimbia kuwazuia. "Hiyo sakafu ni ushahidi. Shimo likionekana, atasema alilichimba yeye."

"Kwa hivyo tubanwe mpaka lini?" mwenyekiti akauliza.

Wakaweka majembe chini. Jioni ile nilianza kuandika madai upya, kwa maana sasa hatudai ufunguo, tunadai choo. Mahakama imeyapokea na kumpa mkandarasi siku kumi na nne kujibu. Akikiri, tunaweza kumaliza kwa kikao kimoja. Akibisha, ni mashahidi na miezi. Wafadhili nimewaeleza yote, pamoja na picha ya sakafu, nao wamesema watanishikia nafasi hadi mwisho wa mwezi huu, si zaidi.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Nimepiga simu masjala ya mahakama asubuhi na mchana. Mkandarasi hajawasilisha kitu: hajakiri, hajabisha.