Miaka Mitano Niliyojipunguzia

Siku ya kuandikishwa polisi nilijipunguzia umri miaka mitano. Walitaka vijana, nami nilikuwa nimepitiliza kidogo, basi nikajizaa upya mbele ya meza ya karani. Nilijiona mjanja kweli.

Leo niko kambini Kasese, sajini mwenye magoti yanayolia kuliko filimbi yake. Mwili una miaka sitini na miwili. Karatasi inasema hamsini na saba. Na pensheni haiulizi magoti, inauliza karatasi. Nikistaafu mapema itapungua. Nikingoja sitini ya karatasi nitaipata nzima. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imerefuka miaka mitano!

Mdogo wangu, mwalimu kule Bwera, aliandika ukweli. Majuzi alistaafu, akachinja mbuzi. Nilipoingia na sare yangu, akanipigia saluti mbele ya wageni.

"Karibu, afande! Sasa mimi ndiye mukubwa. Wewe endelea kulinda wazee."

Watu walishika mbavu. Nami nilicheka, ila mke wangu hakucheka.

Yeye ni mzaliwa wa Butembo, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, anauza vitenge sokoni Bwera. Tulijenga huko nyumba ya kustaafia, akatangulia kuhamia, nami humtembelea nikipata ruhusa. Baada ya karamu nilimsihi avumilie miaka mitatu tu, nije na pensheni nzima, tule raha. Alisikiliza huku akikunja kitenge chake.

"Pensheni itangojea," alisema. "Nyumba itangojea. Miye niko mutu, sitangojea."

Nilirudi kambini roho juu. Nilidhani ananiacha, na kusema kweli niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa jambazi yeyote. Nikaanza hata kuandika barua ya kuomba kustaafu, pensheni ipungue itakavyo.

Jumatatu nikiwa zamu getini, boda ikasimama. Nyuma yake alikuwa mke wangu, na godoro, na sigiri yake ya makaa. Nyumba ya Bwera alikuwa ameipangisha kwa mchuuzi mwenzake.

"Ile mutu ya ku karatasi iendelee na kazi," alisema. "Huyu wa magoti nitamukanda miye."

Chumba changu ni cha bati, cha duara, na tukipika tunagongana viwiko. Barua niliiwashia sigiri. Imebaki miaka mitatu, na siku hizi sina haraka nayo.