Picha ya Kabla

Katika ofisi ambayo mlango wake ninaulinda mimi, hapa Johannesburg, dirisha la tatu lina karani anayepitisha ruzuku za serikali kwa wafugaji ambao mafuriko yamewabebea udongo na uzio. Shambani hajawahi kufika; viatu vyake vyeupe ni ushahidi tosha. Kila asubuhi huupangusa muhuri kwa kitambaa cha miwani, halafu hulowesha kidole na kufunua fomu polepole, kama anayemvua mtoto mgonjwa nguo. Sauti hapandishi. Kila fomu huishia kwenye swali lilelile: "Picha ya baada ya mafuriko ninaiona. Ya kabla iko wapi?"

Jumatatu alirudi mama mmoja mwenye ng'ombe kumi na wawili, safari yake ya nne, matope bado kwenye pindo la gauni. Tuta lililozuia mto usile malisho yake lilikuwa limekwenda lote, na mvua nyingine ilikuwa imetangazwa.

"Ya kabla iko wapi, mama?"

"Mwanangu, nani anapiga picha tuta likiwa zima?"

Karani akauinua muhuri. Ukabaki hewani, nami nikawaza, eish, leo amepatikana. Kisha akaurudisha kwenye kitambaa chake, taratibu, na mama akaondoka na fomu yake isiyogongwa.

Kesho yake karani alifika hata wafagiaji hawajaja. Alipiga picha meza, kiti, muhuri, dari. Akanigeukia na simu.

"Simama wima, papa François. Nataka na yako ya kabla."

"Kabla ya nini, bosi?"

"Hilo utalijaza mwenyewe kwenye fomu."