Mzee Guleid na Karatasi ya Kathoni

Mwalimu Natabo Ewesit hakujua kukaa. Wenzake katika shule ya upili ya kutwa aliyofundisha, pembeni mwa mji wa Isiolo, walisema kiti chake ndicho kipya kuliko vyote pale ofisini. Insha alizisahihisha akitembea varandani, na chai aliinywea mlangoni huku macho yake yakiwa langoni. Alipokuwa mtoto kule Gotu, mama yake alikuwa akimuuliza kama amekanyaga siafu.

Kwa miaka sita alikuwa amewapeleka wanafunzi Meru kutazama waigizaji wakiicheza tamthilia waliyotahiniwa, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuona mchezo hata mmoja mpaka mwisho. Taa za ukumbi zilipozimwa, yeye alikuwa nje akimtafuta dereva, akilitazama jua na kupiga hesabu ya saa za kurudi.

Mwaka wa 2018 kulikuwa na jambo jingine la kumtia wasiwasi. Amran, msichana wa kidato cha nne aliyeongoza darasa kwa Kiswahili, alikatazwa kwenda. Baba yake, Mzee Guleid, aliyeuza ngamia mnadani, alifika shuleni mwenyewe.

"Salaam aleikum, mwalimu. Hiyo mchezo iko na nini? Nasikia watu wanacheza ngoma, vijana na wasichana pamoja."

"Si ngoma, mzee. Ni kitabu chao cha mtihani. Ni habari za mjane na kisima chake."

"Mimi sijui kusoma. Nitajuaje?"

Natabo alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Hakutaka kuapa kwamba hakuna ngoma, maana waigizaji wale walizoea kuongeza mambo yao wenyewe ili watoto wacheke. "Basi twende wote," alisema, na maneno yakawa yamekwisha kumtoka.

Alidhani mzee atakataa. Siku ya safari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Guleid alikuwa wa kwanza kusimama kando ya basi, kanzu imepigwa pasi na fimbo iko mkononi. Amran alikwenda kuketi nyuma kabisa.

Walipopanda miinuko ya kuelekea Subuiga baridi iliingia, na wanafunzi wakafunga madirisha. Natabo hakuketi. Alishika chuma cha juu, akamwambia Kobia, dereva, apunguze mwendo, na punde akamwambia wamechelewa. Kobia alicheka tu.

Ukumbini mlikuwa na wanafunzi kama mia sita, kutoka shule nyingi. Guleid alipewa kiti mstari wa tatu kwa sababu sikio lake moja halikusikia vizuri. Natabo alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Mchezo ulianza vizuri. Kathoni, yule mjane, alikuwa na kisima pekee cha kijiji. Mheshimiwa mmoja, kitambi mbele na wapambe nyuma, alikitaka. Alimletea unga na blanketi, kisha akatoa karatasi. Ni ya msaada tu, mama, alisema, weka kidole hapa. Mwigizaji aliyekuwa Kathoni akachovya kidole gumba kwenye wino.

"Mama!" Mzee Guleid alikuwa amesimama, fimbo juu. "Usiweke kidole! Soma kwanza hiyo karatasi!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watoto wa shule nyingine walipiga viti, wengine wakapiga miluzi. Kule nyuma Amran alijifunika uso kwa mtandio. Natabo aliachana na mlango, akakimbia kwenye ujia katikati ya viti, huku akijilaumu kwa kila hatua.

Lakini Kathoni hakucheka. Alibaki na kidole hewani, akageuka, akamtazama mzee moja kwa moja.

"Baba, mimi sikusoma. Nani atanisomea?"

Kicheko kikakatika. Natabo alikuwa amefika, mkono wake umekaribia bega la mzee, asijue amkalishe au amwache.

"Binti yangu anasoma," Guleid alisema hatimaye, sauti imepungua. "Amran! Kuja umsomee huyu mama."

Natabo alitazama nyuma. Alitamani msichana akatae, na alitamani pia asikatae. Amran akainuka, akapita mbele ya watu wote bila kumtazama baba yake, akapanda jukwaani. Alipewa karatasi. Haikuwa na kitu. Ilikuwa nyeupe pande zote mbili, kama karatasi nyingi za jukwaani.

Akaishika kwa mikono miwili na kusoma. "Mimi Kathoni, kwa hiari yangu, natoa kisima changu na ardhi yote inayokizunguka, mimi na watoto wangu tusidai tena milele." Yalikuwa maneno ya karatasi hiyo inaposomwa katika onyesho la mwisho, neno kwa neno, jinsi yalivyo kitabuni. Mheshimiwa alisahau kujitutumua, akamkodolea macho.

"Nimesikia, mwanangu," Kathoni alisema polepole. "Lakini blanketi nimeshawafunika watoto, na unga wameshaula." Akaweka kidole.

Hakuna aliyepiga makofi. Guleid aliketi kama mtu aliyetoka safari ndefu. Natabo akajikuta naye ameketi kando yake, lakini dakika kumi hazikuisha kabla hajakumbuka basi, akatoka tena.

Wakati wa kurudi, Guleid alimwita aje kiti cha mbele. "Ndugu yangu aliweka kidole hivyo," alisema. "Dalali alimletea karatasi ya ploti. Mwezi uliofuata tukahamisha ngamia na nyumba. Lakini yeye hakusomewa. Huyu mama amesomewa! Kwa nini ameweka?"

Natabo alimpa jibu la mtihani: umaskini, tamaa ya viongozi, ukosefu wa elimu.

"Hapana," mzee alisema. "Hiyo si jibu."

Natabo alijua kwamba si jibu. Alikuwa ameliandika ubaoni mwaka baada ya mwaka. Alisimama, akashika chuma cha juu, akatazama nyanda za Isiolo zikifunguka chini, na swali likamwasha kuliko hofu ya kuchelewa.

Waliingia mjini jua bado liko juu kidogo. Guleid alishuka, na Amran akapita mbele yake bila neno, mwendo wa hasira. Mzee alimfuata akimwita. Hatua chache mbele msichana aligeuka na kumjibu kwa ukali, naye akajibu, wakasimama katikati ya njia, mikono ikienda. Walikuwa wakisema Kisomali, ambacho Natabo hakukijua. Alilishika jina la Kathoni tu, likitajwa na baba, likitajwa na binti, mpaka wakakata kona.